Ng'ang'a, noti ya elfu moja na mfumo uliokufa Ijumaa

BI FUNDI ANAJIBU

*Bi Fundi, salamu. Mimi ni mhazini wa chama cha akiba na mikopo huku Kayole. Mfumo wetu wa hesabu uliandikwa kwa lugha ya programu iitwayo PHP mwaka 2009 na kijana wa mtaani ambaye sasa yuko Qatar, na namba yake haipatikani tena. Umetufaa miaka yote hiyo. Mwezi uliopita kampuni inayotukodisha seva ilihamia PHP 8. Ijumaa, siku ya marejesho, wanachama wakiwa wamepanga foleni, skrini ikatoa maneno haya tu: "Call to undefined function mysql_connect()". Fundi mmoja anataka shilingi 280,000 aandike mfumo mpya. Mwingine anasema atatupatia seva ya bei nafuu yenye PHP 5.3 tuendelee kama zamani. Kinachoniuma zaidi ni hiki: kitu kilikuwa kinafanya kazi, hakuna aliyekigusa. Kwa nini wenye lugha wakiharibu?*
*Mhazini, Kayole*

Mhazini, pole sana, na usimlipe yeyote wiki hii.

Mfumo wako haujafa. Data imo, hesabu zimo, majina ya wanachama yamo. Kilichokatika ni njia ya mazungumzo kati ya programu na hifadhidata. Hiyo mysql_connect ni mmoja wa ukoo wa maneno ambayo programu za PHP zilitumia zamani kuzungumza na hifadhidata iitwayo MySQL. Mwaka 2004 PHP 5 ilileta ukoo mwingine, mysqli, ulio bora. Juni 2013, katika toleo la 5.5, PHP ikaanza kutoa onyo kila mara neno la zamani lilipoitwa: hili linaelekea mlangoni. Desemba 2015, katika toleo la 7.0, likaondolewa kabisa.

Kumbuka mwaka 2019. Tarehe 1 Juni, Siku ya Madaraka, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya wakati huo, Patrick Njoroge, alitutangazia noti mpya. Noti ya zamani ya elfu moja ikapewa hadi tarehe 30 Septemba, na siku iliyofuata ikawa haifai kununua hata mkate. Lakini zile za zamani za 50, 100, 200 na 500 hazikufutwa. Ziliendelea kupita mikononi pamoja na mpya. Lugha za programu nazo zina hali hizo mbili, na watu wengi huzichanganya. Kuna kustaafishwa, yaani kitu bado kinafanya kazi ila umeombwa usikitumie kwa kazi mpya. Na kuna kuondolewa, yaani ukikiita, hakuna anayeitika. Mysql_connect ilikaa katika hali ya kwanza miaka miwili na nusu kabla ya kuingia ya pili.

Utaniuliza, mbona hilo onyo hatukuliona? Fungua faili la kwanza la mfumo wako. Nina hakika karibu kamili utakuta mstari unaosema error_reporting(0), au alama ya @ mbele ya mysql_connect. Vyote viwili vinaiambia PHP: nyamaza, usinionyeshe.

Nazijua alama hizo kwa sababu nimeziweka kwa mkono wangu. Mwaka 2014 nilikuwa nikitunza mfumo wa duka moja la jumla karibu na Kirinyaga Road. Maonyo yakaanza kuchapishwa juu ya risiti za wateja, mwenye duka akanipigia simu akiwa na haki ya kulalamika, nami nikaweka @ kila mahali nikijiambia nitarudi kurekebisha kukitulia. Hakukutulia. Mwaka 2017 seva ikapandishwa toleo mwisho wa mwezi, na mimi na karani wa duka tukaandika risiti kwa kalamu siku tatu, hadi saa tano usiku. Madeni ya wateja wawili hatukuyapata tena. Daftari la mkono halikulingana na kumbukumbu za mashine. Tangu hapo sizimi onyo. Nalihamisha liandikwe kwenye faili, na kila Jumatatu nalisoma faili hilo kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Basi hasira yako, Mhazini, ina msingi, ila nataka uielekeze panapostahili. Taarifa ilitumwa kwa kijana aliyeandika programu. Haikutumwa kwako, wewe mwenye pesa za watu. Hilo naliona kuwa kasoro kubwa ya mtindo mzima wa kustaafisha vipengele vya lugha. Anayeonywa ni mwandishi, anayeumia ni mtumiaji, na baina yao huwa kuna miaka kumi na tiketi ya ndege. Wanaoketi kwenye kamati za lugha wanapaswa kulifikiria hilo kila wanapochukua mkasi.

Hata hivyo, kwa ukoo huu wa mysql_ nasema walifanya vyema kuuondoa. Nitakuonyesha kwa jina ambalo bila shaka limo kwenye orodha yako: Ng'ang'a.

Programu ya zamani hujenga amri kwa kuunganisha maneno, kama mtu anayeshona vipande vya kitambaa: tafuta mwanachama ambaye jina = 'Ng'ang'a'. Kwa hifadhidata, ritifaa (') ndiyo inayofungua jina na ndiyo inayolifunga. Ikifika kwenye Ng' inadhani jina limeisha, na kile kinachobaki, ang'a', inakisoma kama amri. Haielewi, inagoma. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani, na katika kazi hii nimeona akina Ng'ang'a, Wang'ombe na Ng'eno wakiangusha mifumo mingi kuliko virusi. Na hao ni watu wema. Mtu mwenye nia mbaya haandiki jina pale. Anaandika ritifaa, kisha amri yake mwenyewe: nionyeshe salio za wote. Maneno ya mysql_ hayakuwa na njia yoyote ya kutenganisha amri na data. Mysqli inayo: unatuma amri kwanza ikiwa na nafasi wazi, kisha unatuma jina peke yake, na liwe na ritifaa mia, halitasomwa kama amri.

PHP ilijaribu dawa nyingine kabla ya hapo, iliyoitwa magic_quotes. Kila ritifaa iliyoingia kutoka kwenye fomu iliwekewa mkwaju wa kinyume (\) mbele yake moja kwa moja, ili wanaoanza wasidhurike. Nia ilikuwa njema, lakini mwandishi naye akiweka mkwaju wake, jina linahifadhiwa likiwa na wa ziada. Nimewahi kushika risiti ya karo iliyoandikwa Wang\'ombe, na ya muhula uliofuata Wang\\\'ombe, kwa sababu kila rekodi ilipohifadhiwa upya mikwaju iliongezeka. Mzazi alikuwa ameizungushia wino mwekundu. Kipengele hicho kilistaafishwa katika 5.3 mwaka 2009 na kuondolewa katika 5.4 mwaka 2012. Kwa hiyo mfumo wako ulizaliwa mwaka uleule nguzo mojawapo ilipotangazwa kuwa inaondoka. Tazama majina yako kama yana mikwaju. Yasafishwe mara moja, kabla ya kuhamia kokote.

Sasa hao mafundi wawili. Yule wa PHP 5.3 mkatae. Toleo hilo liliacha kutiwa viraka vya usalama mwaka 2014. Kuweka pesa za wanachama kwenye seva kama hiyo iliyo wazi kwa intaneti ni jambo ambalo hutaweza kulieleza kwenye mkutano mkuu. Yule wa 280,000 naye anakuuzia nyumba mpya kwa sababu mlango umekwama. Tafuta wa tatu, mtu atakayekubali kazi ya ukarabati, umlipe kwa siku.

Kabla hajagusa chochote, nakala mbili za hifadhidata, moja ikae nyumbani kwako. Kisha achukue laptop ya zamani isiyounganishwa na intaneti, aweke PHP 5.6 na mfumo wenu ulivyo, ili Ijumaa ijayo marejesho yapokelewe. Programu ya zamani kwenye mashine iliyofungiwa chumbani haina hatari kubwa. Hatari ni kuiweka barabarani. Baada ya hapo abadilishe maneno ya mysql_ kuwa mysqli, na atafute mengine yaliyoondoka njiani: ereg, split, each, create_function. Hizo zitamkabili zenyewe, kwa kuwa zikiitwa zinakufa kwa kelele.

Kinachonitia hofu zaidi ni kile kisichopiga kelele. Katika PHP 7 na kurudi nyuma, ukiuliza kama 0 ni sawa na maandishi matupu kwa kutumia alama ==, jibu ni ndiyo. Katika PHP 8, iliyotoka Novemba 2020, jibu ni hapana. Neno ni lilelile, alama ni ileile, hakuna kosa linaloonekana kwenye skrini, ila jibu limegeuka. Chukulia kijana wa Qatar aliandika: kama salio la mkopo == "" basi mwanachama hana deni, anaweza kukopa. Mama Wanjiru wa sokoni amemaliza kulipa, hesabu inatoa 0. Jana mfumo ulimruhusu. Leo unamwambia bado anadaiwa, na hakuna anayejua sababu. Jibu jipya ndilo la maana zaidi, sibishani na hilo, lakini mabadiliko ya kimya ya namna hii nayaogopa kuliko kuondolewa kwa maneno kumi. Afadhali programu ianguke chini mchana kweupe kuliko ikosee hesabu ikiwa imesimama.

Kwa hiyo sharti lako kwa fundi liwe hili: achapishe salio la kila mwanachama kutoka kwenye laptop yenye mfumo wa zamani, na salio la kila mwanachama kutoka kwenye mfumo uliokarabatiwa, nawe na katibu mkae chini mzilinganishe mstari kwa mstari. Nusu ya malipo ishikwe hadi zilingane zote. Na maonyo ya PHP yaandikwe kwenye faili ambalo watu wawili wa chama wanaweza kulifungua, wala asiwe fundi peke yake.

*Shikamoo Bi Fundi. Nasoma diploma katika chuo kimoja cha katikati ya jiji. Darasani tunafundishwa lugha ya C++ kwa Turbo C++, kompaila ya zamani (programu ya kugeuza msimbo uwe lugha ya mashine), ndani ya DOSBox, inayoigiza kompyuta za enzi za DOS. Nyumbani Kariobangi nina laptop yenye g++, kompaila ya siku hizi, na hakuna programu ya darasani inayokubali. Haijui iostream.h, haijui clrscr, inakataa void main, na inasema gets haipo. Wenzangu wanasema mwalimu amepitwa na wakati. Je, ninajifunza lugha iliyokufa?*
*Mwanafunzi, Kariobangi*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako umuache kwanza, tuyatazame malalamiko ya g++ moja moja, maana si ya aina moja.

Borland walitoa Turbo C++ mwaka 1990. Kiwango cha kwanza cha kimataifa cha C++, yaani kanuni rasmi za lugha, kilitoka 1998. Katikati ya miaka hiyo kila mwenye kompaila alifanya alivyoona inafaa, na iostream.h ni masalia ya kipindi hicho. Kiwango kilipotoka kikaandika iostream bila .h, basi ile ya zamani haikuondolewa, kwa sababu haikuwahi kuingia. Clrscr, ya kufuta skrini, inatoka conio.h, mali ya DOS, wala haikuwa ya C, lugha iliyoizaa C++, wala ya C++ yenyewe. Void main haikuwahi kuruhusiwa na kiwango cha C++. Kompaila ilikuvumilia tu. Na ukikuta programu ya darasani inatumia i baada ya kitanzi cha for kwisha, ujue hapo pia kiwango cha 1998 kiliamua tofauti: i huzaliwa ndani ya kitanzi na hufia humo.

Gets, neno la kupokea maandishi anayoandika mtumiaji, ndiyo pekee iliyoondolewa kweli, na kisa chake nataka ukijue.

Umetenga nafasi ya herufi 14, kama viti vya matatu. Gets ni makanga asiyejua gari lina viti vingapi, wala hana pa kuuliza, kwa sababu haipewi ukubwa wa nafasi. Mtumiaji akiandika herufi 40, zote 40 zinaingia, na zinazozidi zinakalia kumbukumbu ya kitu kingine, pengine mahali panapoeleza programu irudi wapi ikimaliza. Anayejua kupanga herufi hizo anaweza kuiongoza programu aendako yeye. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti changa ya wakati ule. Mojawapo ya milango yake ilikuwa gets ndani ya huduma iliyoitwa finger. Kwa makadirio ya wakati huo, kompyuta kama 6,000 ziliathirika.

Kiwango cha kwanza cha C kilitoka mwaka uliofuata, 1989, na gets ikiwamo. Kile cha 1999, bado imo. Iliondolewa katika C11, mwaka 2011, na katika C++ mwaka 2014. Miaka 23 baada ya Morris! Sababu ya kamati naijua na naiheshimu: programu nyingi zilizokuwepo zilikuwa zikiitumia, na kiwango ni ahadi kwamba ulichoandika jana kitakubalika kesho. Lakini ahadi ya kulinda msimbo wa zamani haipaswi kulinda kitu ambacho hakuna namna ya kukitumia kwa usalama unapopokea maandishi ya mtu usiyemjua. Walichelewa mno, na naamini mwaka 1999 ulikuwa wakati wake.

Linganisha na kitu kingine kilichokaa muda mrefu bila kumdhuru mtu kiasi hicho. Kiwango cha 1989 kiliruhusu kuandika ??= badala ya #, na ??( badala ya [. Sababu ni kwamba Denmark na nchi jirani ziliweka herufi zao, kama Æ, Ø na Å, pale ambapo Wamarekani waliweka mabano na mkwaju wa kinyume, kwa hiyo mwanaprogramu wa Copenhagen angeweza kukosa alama ya [ kwenye mashine yake. Sisi tulisalimika: ng' inahitaji ritifaa tu, nayo ipo kila mahali. Alama hizo ziliondolewa katika C++ ya 2017 na katika C23, huku IBM wakipinga kwa sababu mashine zao kubwa zinatumia mpangilio wao wa herufi, EBCDIC. Mimi hizo ningeziacha zikae hata miaka mingine kumi. Aliye nazo zinamfaa, na asiye nazo hazimsumbui sana.

Kuhusu swali lako: lugha haijafa, ila unafundishwa lahaja yake ya kabla ya kiwango. Vitanzi, vielekezi, madaraja na urithi unavyojifunza ni vilevile. Darasani na kwenye mtihani andika kama ulivyofundishwa. Jioni, kila programu iandike upya nyumbani: iostream bila .h, using namespace std, int main, na mahali pa gets weka fgets(jina, sizeof jina, stdin), ukikumbuka kwamba fgets huacha alama ya mwisho wa mstari ndani ya jina na utahitaji kuitoa. Weka -Wall kwenye g++ ili maonyo mengi zaidi yaonekane. Zikifika kumi, zichapishe zote, za darasani upande mmoja na za nyumbani upande mwingine, umpelekee mwalimu wako ofisini baada ya kipindi, kwa adabu. Huenda amekuwa akingoja mwanafunzi wa kumpa sababu ya kubadilisha.

*Bi Fundi, nimeanza kutengeneza kurasa za wavuti hapa Githurai. Kwa nini kwenye JavaScript, lugha ya kurasa hizo, nikiuliza aina ya null (yaani "hakuna kitu") kwa neno typeof, inajibu "object" wakati null si object? Na kama kila mtu anajua ni kosa, mbona hawarekebishi?*
*Msomaji, Githurai*

Brendan Eich aliandika JavaScript ya kwanza kwa siku kumi, Mei 1995, akiwa Netscape. Ndani yake kila thamani ilibeba lebo ndogo ya aina yake, na lebo ya object ilikuwa sufuri. Null nayo iliwakilishwa na sufuri tupu, kwa hiyo typeof ikatazama, ikaona sufuri, ikajibu "object". Pendekezo la kulirekebisha lilifikishwa mbele ya kamati inayosimamia lugha hiyo, likakataliwa, kwa kuwa kurasa zilizokwisha kuandikwa zinalitegemea jibu hilo.

Soma barua ya Mhazini wa Kayole hapo juu, utaona tofauti. PHP yake iko kwenye seva. Kuna mtu aliyeamua siku ya kupandisha toleo, na angeweza kuahirisha. JavaScript yako inaendeshwa ndani ya kivinjari cha mgeni, na kivinjari kinajisasisha usiku akiwa amelala. Ukurasa ulioandikwa 1999 na mtu aliyekwisha kufariki unafunguliwa leo na kivinjari cha leo. Hakuna wa kumpelekea onyo. Ndiyo maana mwaka 2018 kamati ilipotaka kuongeza flatten, neno la kunyoosha safu zilizo ndani ya safu, ikagundulika kwamba tovuti za zamani zinazotumia MooTools, maktaba ya msimbo ulioandikwa tayari, zingevunjika, wakaacha jina walilolitaka wakachagua flat. Waliona ni bora lugha ibebe jina la pili kwa ubora kuliko duka la mtu fulani lisifunguke asubuhi. Nakubaliana nao.

Kwako wewe: unapotaka kujua kama x ni null, usiulize typeof. Andika x === null, alama tatu za usawa.